Ruzuku ya Intaneti na Simu kwa Shule na Maktaba: Juba na Jirani Zake

Ruzuku ya mawasiliano kwa shule na maktaba ni fedha za umma, au fedha zinazokusanywa kwa nguvu ya sheria, zinazolipia sehemu au gharama yote ya intaneti na simu mahali ambapo watoto wanasoma na wananchi wanatafuta maarifa. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Kampuni ya simu hujenga mnara penye wateja wenye kulipa, na shule ya umma si mteja wa aina hiyo. Haiuzi chochote, haina faida ya kugawa, na fedha yake ikiwepo hununua chaki, madawati na chakula cha walimu kabla ya kitu kingine. Asipotokea wa kuilipia, mtandao utapita juu ya paa lake bila kuingia darasani.

Hali hiyo inaonekana wazi Hai Jalaba, mtaa mkongwe wa katikati ya Juba uliokaliwa tangu zamani na wafanyabiashara waliotoka kaskazini. Hapo hapakosekani mawimbi ya simu. Vocha zinauzwa, laini zinasajiliwa, simu zinachajiwa kwa malipo, na mwenye duka anaongea na msambazaji wake wa Kampala bila taabu. Biashara ya vocha imejengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye simu moja, anayenunua bando dogo leo na jingine kesho fedha ikipatikana. Shule yenye mamia ya wanafunzi haiwezi kuishi hivyo. Inahitaji huduma inayokuwepo kila siku ya masomo, na bili inayolipwa mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Pengo lililopo kati ya vocha ya mtu mmoja na bili ya taasisi ndilo ambalo ruzuku inatakiwa kuliziba.

Sudan Kusini iliingia katika suala hili ikiwa imechelewa, na kwa sababu zinazoeleweka. Kabla ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, simu za Juba ziligawanyika: kampuni ya Gemtel ilitumia namba ya Uganda, 256, na nyingine zilitumia 249 ya Sudan. Nchi ilipata namba yake, 211, mwaka uleule wa uhuru. Anwani za intaneti za nchi, zinazoishia na .ss, zilikabidhiwa mwaka 2019. Kwa miaka mingi karibu kila kitu kilipita angani kwa setilaiti, njia ya gharama kubwa, wakati pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari na mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS tangu 2009, na EASSy tangu 2010. Mkongo wa nchi kavu ulifika Juba mwanzoni mwa 2020, ulipovutwa na Liquid Telecom kutoka mpaka wa Uganda. Mwaka 2024 huduma ya setilaiti ya Starlink nayo ikaanza kuuzwa nchini.

Mtu asiyejua jiografia hii hawezi kuelewa bei. Intaneti ya Juba inashuka pwani, inavuka Kenya, inavuka Uganda, ndipo inaingia Sudan Kusini, na kila anayepitisha anataka chake kwa dola. Mwananchi hulipa kwa pauni ya Sudan Kusini, sarafu ambayo thamani yake imeporomoka mara nyingi tangu 2015. Shule ikipewa bajeti ya intaneti kwa pauni mwezi wa Februari, yawezekana kabisa kwamba kufikia Septemba fedha ileile hainunui hata nusu ya huduma. Ruzuku yoyote itakayopangwa Juba bila kulitazama jambo hili itakuwa imekufa kabla ya kuzaliwa.

Kisheria mlango upo. Sheria ya Taifa ya Mawasiliano ya 2012 iliunda Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano na kuweka msingi wa mfuko wa huduma kwa wote, unaofanana kwa dhana na mifuko ya nchi jirani: kampuni zinazopata faida mijini zichangie huduma ya mahali ambapo faida haipo. Lakini mfuko wa namna hii hunenepa au hukonda kulingana na afya ya soko lenyewe, na soko la Sudan Kusini limepata vipigo. Vita vya 2013 na vya 2016 viliangusha minara na kukimbiza wateja. Mwezi Machi 2018 mamlaka ilisimamisha kampuni ya Vivacell kwa mgogoro wa ada ya leseni, na laini za wateja wake zikazimika. Leo wachangiaji wakuu ni wachache: MTN, Zain, na Digitel iliyoingia sokoni mwaka 2021.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Marekani, unaofahamika kwa jina la E-Rate. Ulizaliwa katika Sheria ya Mawasiliano ya 1996, kwa kifungu kilichopiganiwa na maseneta kama Olympia Snowe wa Maine na Jay Rockefeller wa West Virginia, majimbo mawili yenye vijiji vingi na shule zilizo mbali. Fedha yake haitoki moja kwa moja katika bajeti ya serikali. Kampuni za mawasiliano huchangia kutokana na mapato yao, nazo huwarudishia wateja mzigo huo katika bili. Shule au maktaba inayohitaji huduma hutangaza mahitaji yake, husubiri angalau siku 28 ili kampuni zishindane, huchagua, kisha hulipiwa kati ya asilimia 20 na asilimia 90 ya bei. Kiwango hutegemea umaskini wa eneo, na umaskini huo hupimwa kwa njia nyepesi ya kushangaza: idadi ya watoto wanaostahili kupata chakula cha mchana shuleni bure au kwa bei ya chini. Hakuna aliyelazimika kubuni kipimo kipya. Orodha ya chakula ilikuwepo, ikatumika.

Mfuko huo ulianza kutoa fedha mwaka 1998 ukiwa na kikomo cha dola bilioni 2.25 kwa mwaka, kikapandishwa hadi bilioni 3.9 mwaka 2014. Katika mageuzi ya mwaka huohuo, ruzuku ya simu za sauti ilianza kupunguzwa kwa pointi 20 za asilimia kila mwaka hadi ikaisha kabisa mwaka 2019, kwa hoja kwamba fedha yote iende kwenye intaneti ya kasi. Kwa shule za Marekani hoja hiyo ina mantiki. Kwa Sudan Kusini ingekuwa kosa, na sababu yake nitaieleza mbele kidogo. Uhalali wa tozo yenyewe ulifikishwa mahakamani, walalamikaji wakidai kuwa ni kodi inayotozwa na watu wasiochaguliwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliuthibitisha mfumo huo mwezi Juni 2025 kwa kura sita dhidi ya tatu.

Afrika Kusini ilijaribu njia fupi zaidi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2001, shule za umma zinastahili punguzo la asilimia 50 kwenye intaneti, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki ya 2005 ikaliendeleza agizo hilo. Punguzo la namna hii lina kasoro ya kimaumbile. Linamwambia mtoa huduma apunguze bei bila kueleza nani atamfidia. Mtoa huduma anayebeba hasara peke yake hana haraka ya kumtafuta mteja huyo, na shule isiyoijua haki yake haitaidai. Isitoshe, nusu ya bei kubwa bado ni bei kubwa kwa shule isiyo na kitu.

Jirani za Sudan Kusini walifuata njia ya mfuko. Uganda ilitangulia: mfuko wake wa maendeleo ya mawasiliano vijijini, RCDF, ulianza kazi mwaka 2003 kwa tozo ya asilimia 1 ya mapato ya kampuni, na ukajenga maabara za kompyuta katika shule za sekondari za serikali zaidi ya 1,000. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 iliyouzaa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Pamoja na kulipia minara vijijini, UCSAF umepeleka kompyuta katika shule za umma na kugharimia mafunzo ya walimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Nasisitiza mafunzo hayo kwa sababu ndiyo sehemu ya kwanza kukatwa fedha inapopungua, na mwalimu asiyejua kuwasha ruta iliyozima ataishi na ruta iliyozima.

Tanzania ilijaribu pia njia ya leseni. Kampuni ya Viettel kutoka Vietnam, iliyoanza biashara mwaka 2015 kwa jina la Halotel, iliingia nchini kwa ahadi nyingi za vijijini, mojawapo ikiwa kuziunganisha shule 450 na intaneti bila malipo. Serikali haikutoa shilingi. Ililipa kwa ruhusa ya kufanya biashara, na shule zikalipwa kwa huduma. Njia hii huzaa matokeo ya haraka, maana kampuni inayotaka kuingia sokoni ina hamu. Shida huja ahadi inapofikia mwisho wa muda wake. Kampuni imeshajijenga, hamu imetulia, na shule inaletewa ankara ambayo haikuwahi kuiona.

Kenya iliunda mfuko wake kwa marekebisho ya sheria ya 2009, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni zikatakiwa kuchangia asilimia 0.5 ya mapato ghafi ya mwaka. Mradi wake mkubwa wa elimu uliunganisha shule za sekondari za umma 896, kila moja ikipewa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Tuipime kasi hiyo ndani ya chumba. Ukigawa megabiti 5 kwa kompyuta 40 zinazotumika kwa pamoja, kila mwanafunzi anabaki na kilobiti 125 kwa sekunde. Atafungua ukurasa wa maandishi, atasoma barua pepe, atapakua karatasi ya mtihani uliopita. Hatatazama video ya somo la biolojia, na wenzake 39 wakijaribu, hata ule ukurasa wa maandishi utakwama. Mwalimu mwenye busara atapakua video usiku, aihifadhi kwenye kompyuta moja ya shule, na asubuhi darasa zima litatazama bila kugusa mtandao wa nje. Ustadi huo hauandikwi katika mkataba wa zabuni, ilhali ndio unaoamua kama ruzuku imezaa matunda.

Kenya ileile ilitoa somo la upande wa pili. Mpango wa kompyuta za shule za msingi, ulioanza kusambazwa mwaka 2016, ulipeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule zaidi ya 21,000. Vifaa vilikuja vikiwa na masomo ndani yake, kwa kuwa shule nyingi hazikuwa na intaneti. Ni kazi kubwa, tena ya kupongezwa, lakini haikuwa ruzuku ya mawasiliano. Kununua kifaa ni tukio la siku moja, lenye picha, hotuba na utepe wa kukatwa. Kulipa bili hakuna sherehe. Ndiyo maana wanasiasa na wafadhili hupenda kutoa kompyuta, na ndiyo maana ninashikilia kwamba mpango wowote wa shule upimwe kwa swali moja: mwaka wa pili nani analipa?

Swali hilo ni zito zaidi Juba, kwa sababu huko bili haiji peke yake. Kabla ya intaneti kuna umeme. Mji uliishi kwa jenereta kwa miaka mingi, na umeme wa gridi ulirudi kwa kiwango cha kuhesabika mwaka 2019 kupitia kampuni ya usambazaji ya JEDCO, kwa bei ambayo taasisi ya umma huihisi. Shule isiyo na gridi itahitaji dizeli au sola. Ruta hutumia umeme mdogo sana, hata paneli moja ndogo na betri vinaitosha. Maabara ya kompyuta za mezani ni habari nyingine. Mfuko ukilipia megabiti bila kulipia wati, umelipia kitu kisichotumika. Tena, mapema mwaka 2023 serikali ilifuta karo katika shule za umma. Uamuzi huo niliufurahia kwa ajili ya watoto wengi waliokuwa wakifukuzwa kwa karo. Lakini ulimwondolea mwalimu mkuu kibubu kidogo alimokuwa akichomoa fedha za vocha, na hadi pengo hilo lifidiwe, shule iliyokuwa ikijikongoja kwa bando la mwalimu itaendelea kujikongoja.

Hapa ndipo ninarudi kwenye simu. Mfano bora kabisa wa mawasiliano ya shule yaliyolipiwa kwa fedha za umma nchini Sudan Kusini haukuhitaji maabara wala kompyuta. Kuanzia 2013, mpango wa elimu ya wasichana unaojulikana kama GESS, uliofadhiliwa na Uingereza na kuendeshwa pamoja na wizara ya elimu, uliweka mfumo wa mahudhurio uitwao SAMS. Mwalimu mkuu alihesabu wavulana na wasichana waliohudhuria, akaandika idadi kwenye simu ya kawaida, akatuma ujumbe mfupi, na takwimu hizo zikaonekana mtandaoni kwa jina la shule, kaunti na jimbo. Yeyote aliyekuwa Juba, au London, aliweza kuona kama shule ya mbali ilifunguliwa wiki hiyo. Wasichana walioandikishwa humo walistahili kupewa fedha taslimu za kuwasaidia kubaki shuleni, na shule zilizotimiza masharti zilistahili ruzuku ya uendeshaji.

Tazama uchumi wa jambo hilo. Ujumbe mfupi hupita hata penye mawimbi dhaifu ambapo intaneti haifunguki. Simu ya kitochi hukaa na chaji kwa siku kadhaa. Gharama ya meseji ni ndogo kupita kitu chochote katika bajeti ya elimu, na malipo yake kwa shule ni makubwa: ilionekana, ikahesabika, ikapata fedha. Ndiyo sababu nilisema kwamba kuondoa ruzuku ya simu kwa kuwafuata Wamarekani kungekuwa kosa. Katika nchi ambayo shule nyingi zimefikiwa na simu kabla ya kufikiwa na intaneti, kulipia laini rasmi ya shule, iliyo mali ya shule na si ya mwalimu anayeweza kuhamishwa kesho, ni hatua ya kwanza yenye faida kuliko chumba cha kompyuta kilichofungwa kufuli.

Redio nayo isisahauliwe. Kuanzia 2004, kwa fedha za Marekani, masomo ya redio yalitayarishwa kwa ajili ya Sudan Kusini, darasa likisikiliza na kujibu pamoja na sauti ya redioni. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwezi Machi 2020, zikaja kufunguliwa kwa madarasa yote Mei 2021, redio ndiyo iliyobaki kuwa njia iliyowafikia watoto wengi. Mtoto wa Hai Jalaba ambaye nyumbani kwao kulikuwa na simu janja moja ya baba, na baba ametoka nayo kwenda sokoni tangu alfajiri, hakusaidiwa na darasa la video hata kama mkongo wa Liquid ulikuwa umeshafika mjini.

Maktaba zina hadithi fupi, na inasikitisha kwamba ni fupi. Sheria ya Marekani ilizitaja pamoja na shule tangu mwanzo. Katika Afrika Mashariki mifuko huzikumbuka kwa nadra, ingawa Kenya ina mtandao wa maktaba za taifa, KNLS, na Uganda ina maktaba ya taifa inayosaidia maktaba za wilaya. Juba ilipata maktaba yake ya umma, Juba Public Peace Library, kwa juhudi za raia na vitabu vya msaada kutoka nje, wala si kwa mgao wa bajeti. Kwa mji wa aina ya Juba maktaba ina faida ambayo shule haina: haijali umri. Kijana aliyekatishwa masomo na vita, mama aliyerudi kutoka kambi ya Kakuma akiwa na cheti cha Kenya anachotaka kukithibitisha, mfanyabiashara anayetafuta fomu ya kodi, wote wanaweza kuketi kwenye meza moja. Intaneti moja iliyolipiwa hapo huhudumia watu wengi tofauti kwa siku kuliko ile iliyo nyuma ya geti la shule.

Vyuo vikuu vilipata ufumbuzi wao wenyewe: kununua kwa pamoja. KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania hukusanya mahitaji ya vyuo, hununua kasi kwa jumla, kisha huigawa kwa bei ambayo chuo kimoja kisingeipata. Ushirika wa kikanda, UbuntuNet Alliance, ulioanzishwa mwaka 2005, umefanya hivyo ukisaidiwa na fedha za Umoja wa Ulaya. Shule za Juba zikinunua moja moja zitalipa bei ya rejareja milele. Zikinunua kama kundi, pamoja na zahanati na maktaba, zitakuwa mteja anayetafutwa.

Je, fedha zipo? Utafiti wa 2018 wa A4AI, muungano unaotetea intaneti ya bei nafuu, ulikuta kwamba mifuko ya huduma kwa wote barani Afrika ilikuwa imekalia zaidi ya dola milioni 400 ambazo hazijatumika. Fedha hukwama kwa sababu sheria imechelewa kupewa kanuni, kwa sababu bodi haijateuliwa, kwa sababu hazina inaitazama kama akiba yake, au kwa sababu hakuna anayejua shule zipi ziko wapi na zinahitaji nini. Sababu ya mwisho ndiyo rahisi kuondoa. Tangu 2019, UNICEF na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa wanaendesha mpango wa Giga unaochora ramani ya shule za dunia na hali ya mtandao wake, ili anayetoa fedha ajue anaipeleka wapi.

Sudan Kusini ina kitu cha kuanzia ambacho nchi nyingi hazikuwa nacho. Wamarekani walitumia orodha ya chakula cha mchana kuamua nani alipiwe asilimia 90 na nani asilimia 20. Orodha ya SAMS ina majina ya shule, mahali zilipo, idadi ya wanafunzi na mahudhurio yao, iliyojazwa na walimu wakuu wenyewe kwa meseji. Mfuko ukiitumia, shule ya kaunti ya mbali yenye mahudhurio mazuri na mawimbi dhaifu inaweza kulipiwa laini na meseji zake zote. Shule ya katikati ya Juba, iliyo hatua chache kutoka kwenye mkongo, ilipiwe sehemu ya intaneti, kwa dola au kwa kiwango kinachofuata dola, kwa mkataba wa miaka mitatu na kuendelea. Na jina la atakayelipa mwaka wa nne liandikwe humo humo kabla ya sahihi ya kwanza.